Naomba ushauri: siagi na mng'ao wa bati kama wa Clara Peeters

Wadau wa rangi, habari zenu. Nimezama kwa Clara Peeters, mchoraji wa kike wa Flanders (eneo la Ubelgiji ya leo), karne ya 17. Ile picha yake ya jibini, lozi na mikate ya kusokotwa, ya mnamo 1615, iliyopo kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis kule The Hague, Uholanzi, hainitoki kichwani. Kwenye mpini wa kisu kaandika jina lake. Ukisogeza jicho hadi kwenye mfuniko wa bati wa jagi unakutana na uso wake mwenyewe, mdogo kama punje, ndani ya mng'ao. Huyu mama alikuwa fundi jamani!

Sasa najaribu kuinakili kwa rangi za mafuta. Jibini limekubali. Siagi, vile vipande vilivyojikunja kwenye sahani, ndiyo inanitesa: nikizidisha nyeupe inakuwa chokaa, nikizidisha njano inakuwa kiini cha yai. Mfuniko nao umegoma, umebaki kijivu tu.

Je, nianze na tabaka la giza nisubiri likauke, au nichanganye rangi ikiwa bado mbichi? Nina mafuta ya kitani na brashi ndogo mbili. Mwenye uzoefu naomba anielekeze, hata kwa picha za hatua kwa hatua.