Picha za wanafunzi safarini: mwalimu mgeni aziposti au asiziposti?

Hoja: Shule kadhaa za Kisumu na Nakuru hupokea walimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Wakiandamana na wanafunzi hadi kwenye mawe ya Kit-Mikayi, ufuo wa Dunga au Mbuga ya Ziwa Nakuru, hupiga picha na kuziweka kwenye kurasa zao za safari. Wapigwe marufuku?

Mzazi, Kondele: Marufuku, tena kabisa. Fomu ya safari inayoletwa nyumbani huuliza nauli, chakula na kama mtoto ana pumu. Picha haitajwi popote. Kisha mtoto anaonekana mtandaoni na sweta yenye nembo, jina lake kifuani, na nyuma yake basi lenye jina la shule na nambari ya simu. Mtu asiyemjua anahitaji nini zaidi?

Karani wa wakili, Nakuru: Mama, sheria iko nawe. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na hata idhini ikiwepo, matumizi yawe kwa maslahi ya mtoto huyo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Angalieni aliyetozwa: shule.
Mgeni atajitetea kwa kifungu cha 51, kinachosamehe shughuli za binafsi au za nyumbani tu. Picha ya kumtumia mamake, sawa. Ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, tena wenye kiungo cha kuchangisha pesa, ni vigumu kuuita wa nyumbani.

Mwalimu wa safari, Kisumu: Polepole jamani. Mnamsulubisha mgeni ilhali stetasi za walimu wenyeji zimejaa watoto hao hao kabla basi halijafika Kericho. Na tusijifanye hatujui: kuna shule ambazo mafuta ya basi hutoka kwa wafadhili waliovutwa na picha hizo. Ukipiga marufuku, anayekosa safari ni mtoto asiye na nauli.
Njia inayofanya kazi ni simu moja ya shule, mpiga picha mmoja. Simu nyingine zote zibaki mfukoni, za wageni na za wenyeji. Fomu iwe na visanduku vitatu tofauti: albamu ya shule, kundi la wazazi, mtandao wa wazi. Kisanduku kimoja cha "nakubali picha" hakifai, maana mzazi hudhani ni albamu tu. Iletwe wiki moja kabla, iwe kwa Kiswahili au Dholuo kwa anayehitaji, na kisanduku kitupu kihesabiwe kuwa hapana. Kinachoharibu mambo ni fomu kusainishwa langoni saa kumi na moja alfajiri, basi linanguruma. Hapo mzazi anasaini chochote.

Mwongozaji wa watalii, Nakuru: Niongeze la ufundi. Kuna waongozaji wanaowaambia wageni wazime alama ya mahali (inayorekodi picha ilipopigwa) kwenye kamera wanapopiga picha za vifaru, kwa hofu ya majangili. Mgeni anatii mara moja. Akigeukia watoto, anaacha alama hiyo imewashwa! Izimeni kwenye mipangilio ya kamera yenyewe. WhatsApp hufuta alama za mahali picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili zinabaki.
Kuhusu kuficha uso: msitumie kalamu ya rangi nyepesi ya kwenye simu, kwa kuwa ukiongeza mwanga uso unaweza kurudi. Weka umbo zito lisilopenya, kisha piga picha ya skrini na utume hiyo. Bora zaidi, pale Baboon Cliff, genge linalotazama Ziwa Nakuru, wapange watoto wakitazama ziwa, uwapige kwa nyuma. Ziwa linaonekana, uso hauonekani. Simu ishikwe imara, nyani wa pale hawana adabu.

Mzazi, Kondele: Na mtoto ambaye mzazi wake amekataa? Nimesikia wengine hufungwa utepe mkononi. Huko ni kumwaibisha mbele ya wenzake.

Mwalimu wa safari, Kisumu: Utepe ni kosa, nakubali. Orodha ya waliokataliwa picha ikae na mwalimu. Picha ya kundi zima ipigwe ya albamu pekee. Ya mtandaoni ipigwe ya mikono, daftari, migongo. Uchaguzi ufanyike shuleni, na watu wawili, si ndani ya basi wakati kila mtu amechoka. Tena picha isiwekwe mtandaoni siku ya safari, ili mtu asijue watoto wako wapi saa hiyo.

Karani wa wakili, Nakuru: Mwongeze tarehe ya kufuta kwenye fomu. Mzazi anaweza kuondoa idhini wakati wowote, na shule ikipuuza, malalamiko kwa Kamishna hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

Mzazi, Kondele: Siku 90, na picha iko kwenye ukurasa wa mtu aliyesharudi kwao. Kamishna atamfuata hadi huko?

Karani wa wakili, Nakuru: Kumfuata ni kazi ngumu. Ndiyo maana makubaliano ya simu moja yasainiwe na mgeni siku anayoripoti kazini, kabla hajakabidhiwa darasa.

Mzazi, Kondele: Na walimu wenyeji wasaini siku hiyo hiyo. Hapo nitajaza kisanduku cha albamu. Cha mtandao, hapana.