Albamu gani wanamuziki wanaisujudia, wewe ukiisikiliza huoni kitu? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima yenu. Naanza kuungama mwenyewe ili msione haya.

Napiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya hoteli, mwaka wa kumi na moja huu. Kila mpiga muziki wa maana niliyekutana naye huniuliza kama nimeisikiliza Kind of Blue ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi. Nimeisikiliza. Kwenye spika za kueleweka, kwenye daladala, na usiku taa zimezimwa kama alivyonielekeza mpiga saksafoni wetu. Nalala. Si dharau, nalala kweli.

Na msinambie sijui habari zake. Najua ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22. Najua Coltrane na Cannonball Adderley wamo kwenye saksafoni, Bill Evans yuko kwenye piano. Najua wimbo wa kwanza, So What, unakaa kwenye ngazi moja ya re baa 16 (baa moja ni fungu la mapigo manne), unapanda nusu sauti baa 8, unarudi ulikotoka. Hapo ndipo ninapokwama. Kazi yangu mimi ni kubadilisha kodi (za gitaa, TRA tulieni). Nimekuzwa na rumba, na kwenye rumba ukivumilia unalipwa sebene, pale magitaa yanapochangamka. Hapa navumilia dakika tisa, sebene haiji.

Miaka yote hii nimekuwa najifanya. Mtu akiitaja nafumba macho, natikisa kichwa taratibu. Nimechoka.

Tiririkeni. Sharti moja: sema ulihangaika vipi kuipenda. "Mbovu tu" hatutaki.

Mpiga drums, Arusha
Mkuu umenitua mzigo. Mimi ni Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, mwanaroki wa Marekani, 1969, nyimbo 28, mtayarishaji Frank Zappa. Mara ya kwanza nilidhani faili limeharibika. Gitaa linaenda zake, drums zinaenda zake, mwimbaji naye kaja na lake, kama abiria wanaogombea kuingilia dirishani. Halafu nikaambiwa upande wa ala karibu hakuna kilichobahatishwa pale, jamaa walijifungia kwenye nyumba moja Los Angeles miezi kadhaa wakikariri kila pigo. Nikakataa. Nikachukua baa nne tu nizipige. Jumapili mbili zimeniishia hapo! Nikawavulia kofia. Ila kupenda, hapana. Mama watoto aliuliza kama naweza kurudia zile kelele za zamani.

Wa kinanda cha kanisa, Nairobi
Pet Sounds ya Beach Boys, bendi ya Marekani, 1966. Eti Paul McCartney wa Beatles huisifu kila akiulizwa. Besi nakubali, inatembea vizuri sana. Lakini zile sauti watu wanazililia, nyinyi mlilelewa wapi? Mimi nimeimba sauti ya tenor tangu utoto, kwaya yetu ni sauti nne kila Jumapili bila hata kinanda. Nasikia vijana wazuri wa kwaya, basi.

Asiye na ala
Muziki haueleweshwi. Pilau likinoga linanoga, hakuna anayekupa semina kwanza.

Mpiga drums, Arusha
Wewe utotoni bamia ulikuwa unazila?

Fidla, Unguja
Assalam alaykum. Miye langu silo la jazi. Wazee wangu wa taarabu ukiwatajia Umm Kulthum, yule bibi mwimbaji wa Misri, wanakaa sawasawa. Nikapewa santuri ya wimbo wake Enta Omri, ya 1964, utunzi wa Mohammed Abdel Wahab. Fidla peke yake nliipenda. Tatizo bibi mwenyewe: msitari mmoja anaurudia, anaurudia, watu wanapiga makelele kama kaufungua leo. Nkawa nahesabu marudio, wallahi.

Siku moja tuko harusini, mwimbaji wetu kafika penye msitari, akina mama wakaanza kuinuka kumtunza pesa. Foleni mpaka mlangoni. Ikabidi arudie mpaka wamalizike, na sisi tumfuate. Mara ya tatu kavuta neno, ya nne kalikata, ya tano kaja nyuma ya mdundo nkakaribia kupotea. Nlitoka jasho. Kesho yake nkaiweka Enta Omri tena na sikuhesabu. Hapana penye marudio pale, kila mara anatua pengine. Lakini pasingekuwa na ile foleni, mpaka leo ningekuwa nahesabu.

Mwanzisha uzi
Sasa kaka, mimi hotelini nani aje anitunze kwenye So What?

Mpiga besi, Tanga
Usisikilize tarumbeta. Mfuate Paul Chambers wa besi mwanzo mpaka mwisho, wengine wachukulie wapita njia. Ule wito wa mwanzo ni wake, wenzake ndio wanaomwitikia.

Mwanzisha uzi
Nimejaribu usiku huu. Mpaka dakika ya nne nilikuwa macho. Ya tano siikumbuki.