Masalia ya kiwandani na plastiki ya mtaani: ndoo zinapasuka, tumekosea wapi?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, habari za kazi. Kiwanda kipo Dar. Tuna mashine nne za injeksheni (zinazosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, yaani umbo la chuma la kuundia bidhaa) zinazotoa ndoo za lita 10 na 20 pamoja na mabeseni, zote kwa plastiki ya PP (polipropilini), na mbili za kupuliza madumu ya lita 5 na 20 kwa HDPE (polithini ngumu). Uongozi umeamua tuingie kwenye uchumi mzunguko: masalia (mikato na bidhaa mbovu) yasitoke nje ya geti, na tuanze kununua chengachenga, yaani plastiki iliyosagwa, kwa wakusanyaji wa mtaani.

Kwa sasa masalia yote yanaingia krasha (mashine ya kusaga) moja, kisha tunachanganya asilimia 30 na malighafi mpya. Tunapata madoa meusi, michirizi ya rangi ya fedha juu ya mabeseni, moldi isiyojaa kila baada ya mapigo kadhaa, na ndoo zinazopasuka kwenye masikio ya mshikio zikijazwa maji. Kiasi gani cha masalia ni salama? Tununue mtambo wa kuosha sasa hivi? Na ndoo za chakula je?

Fundi_Silinda:
Mkuu, ugonjwa wako ni hiyo krasha moja. Asilimia 30 si kubwa kwa masalia safi ya ndani, ila wewe huchanganyi asilimia 30 ya PP. Unachanganya PP na HDPE ya madumu, na hizo mbili haziyeyukiani. Kwa macho zinaonekana zimechanganyika, lakini ndani ya ukuta wa ndoo zimekaa kama mafuta na maji, na mpasuko hufuata mpaka kati yake. Sikio la mshikio ndilo linalobeba uzito wote, mara nyingi ndipo mikondo miwili ya plastiki inapokutana ndani ya moldi, kwa hiyo ndipo pa kwanza kuachia.

Halafu kuna suala la mtiririko. HDPE ya kupuliza madumu ikiyeyuka hutiririka kwa uzito makusudi, isianguke ikiwa bado laini: kipimo chake cha mtiririko (MFI) huwa karibu 0.3, yaani gramu zinazopita kwenye tundu la kipimo kwa dakika 10. PP ya ndoo mara nyingi ni kati ya 10 na 25. Ukipeleka madumu yaliyosagwa kwenye moldi ya ndoo yenye ukuta mwembamba, plastiki inapoa kabla ya kufika ukingoni.

Sababu nyingine ya moldi kutojaa ni umbo la chengachenga lenyewe. Vipande haviteremki kwenye hopa (bakuli la kulishia mashine) sawasawa kama punje za malighafi mpya, kwa hiyo skrubu ya mashine, inayosukuma plastiki ndani ya silinda ya moto, inabeba kingi pigo hili na kidogo pigo lijalo. Weka wavu wa krasha wenye matundu ya milimita 8 na unoe visu mapema. Visu butu havikati, vinasaga, na hapo ndipo vumbi linapozaliwa. Vumbi huyeyuka kabla ya vipande, linaganda kwenye ukuta wa silinda, linaungua, kisha linabanduka kidogo kidogo. Hayo ndiyo madoa meusi yako. Pitisha chengachenga kwenye kipulizia upepo au chekecheo la kutoa vumbi, na weka sumaku mdomoni mwa hopa, maana msumari wa skrubu uliodondoka kwenye masalia itakwangua silinda.

Michirizi ya fedha ni unyevu, mara chache ni joto lililozidi. PP haifyonzi maji kama nailoni, lakini chengachenga zilizolala nje usiku mmoja zina umande juu yake. Zikaushe kwa hewa ya nyuzi 80 saa moja hadi mbili, na magunia yakae juu ya paleti, ndani.

Kuhusu kiasi: tenga krasha ya PP na ya HDPE. Kama una moja tu, isafishe kabisa kabla ya kubadilisha, mpaka chini ya wavu. Anza na asilimia 10 ya masalia yako mwenyewe, panda tano tano, kila hatua zamu nzima. Ndoo ya kubeba maji ningeishia 20. Kipi hutokea ukishika 20 bila kubadili: asilimia 80 ni mpya, 16 imepita mashine mara moja kabla, 3.2 mara mbili, na 0.8 mara tatu au zaidi. Kwa hiyo plastiki iliyochoka haijilimbikizi kama wengi wanavyohofia. Kwenye kupuliza, mikia na mashingo yanayokatwa ni kawaida yafike asilimia 20 hadi 40 ya bomba la plastiki linaloshuka. Hayo yarudi humohumo kwenye madumu, siku ileile, yakiwa bado safi.

MamaMaabara:
Naongezea kwenye kununua mtaani, kwa sababu hapo ndipo viwanda vinapata hasara. Usinunue tani bila kupima gunia. Chota vipande 50 kutoka katikati na chini ya gunia, si juu. Vitie kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni (bila sabuni, vipande vyembamba huelea vikishikiliwa na uso wa maji). PP na PE (polithini, jamii ya HDPE) zinaelea. PET (ya chupa za maji), PVC (ya mabomba) na polistirini zinazama. Kisha toa vilivyoelea, vikaushe, uvitie kwenye mchanganyiko wa spiriti na maji. Nusu ethanoli (spiriti) kwa ujazo hutoa uzito wa gramu 0.93 hivi kwa kila mililita: PP (0.90 hadi 0.91) inaelea, HDPE (0.94 hadi 0.96) inazama. Mifuko laini ya LDPE (polithini laini) nayo itaelea pamoja na PP, ila hiyo utaitambua kwa kuikunja. Angalizo: PP iliyotiwa chokaa, kama ya baadhi ya viti, huzama hata kwenye maji.

PVC ndiyo ya kuogopa. Kwenye joto la PP la nyuzi 200 na kitu inaoza na kutoa gesi ya asidi ya kloridi, inakula skrubu na kuumiza koo la mfanyakazi. PET nayo haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 250, kwa hiyo kipande kitapita kikiwa kigumu na kuziba nozeli. Kipande kimoja cha chupa ya maji kinatosha kusimamisha mashine.

Kabla ya kutoa kundi dukani, jaza ndoo 5 maji, ziachie kutoka mita 1.2 zitue kwa kitako, nyingine 5 zining'inize kwa mshikio usiku kucha. Andika tarehe, kundi la chengachenga na asilimia uliyotumia. Bila daftari hilo hutajua gunia gani limeharibu.

Ndoo za chakula: usitie plastiki ya mtaani hata kidogo. HDPE hufyonza kilichokuwa ndani yake, na dumu lililobeba dawa ya mimea halitakasiki kwa sabuni. Masalia yako ya ndani ya plastiki inayoruhusiwa kugusa chakula, yaliyotunzwa tofauti, ni suala jingine. Ongea na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mapema, maana tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Maji_ya_Bonde:
Mtambo wa kuosha, ningesema bado. Nunua kwanza chengachenga zilizooshwa kwa msambazaji mmoja anayekubali kipimo cha dada hapo juu. Ukishajua unahitaji kiasi gani kwa mwezi, ndipo ujenge.

Siku ukijenga, uchafu wa mafuta na gundi ya lebo unahitaji maji ya moto, nyuzi 60 hadi 70, na kostiki soda asilimia 1 hadi 2, yaani kilo 1 hadi 2 kwa lita 100. Kostiki iingie kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia usoni. Dakika 10 hadi 15, suuza mara mbili, kisha mashine ya kuzungusha ikamue.

Maji yarudi kinyume na safari ya plastiki: maji safi yaingie kwenye suuzo la mwisho, yakitoka huko yaende suuzo la kwanza, kisha yaoshe magunia mapya yenye mchanga. Weka matangi matatu ya kutulizia yanayofuatana na chujio la milimita 0.5 mbele ya pampu, vinginevyo vipande vidogo vitaishia mtaroni na baadaye baharini. Kabla ya kutoa maji, rekebisha pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Kibali cha kutiririsha majitaka kinatoka bodi ya maji ya bonde, ila kama unaunganisha kwenye bomba la majitaka utaelewana na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar. Tope la chini lina mchanga, karatasi na plastiki. Lisichomwe uani.

Na weka mizani getini. Kati ya kilo 100 za plastiki ya mtaani usishangae ukibaki na 75, zilizobaki ni mchanga, maji, lebo na vifuniko vya aina nyingine. Bei ya kununulia ihesabiwe kwa kilo inayoingia hopa, si inayoshuka kwenye kirikuu.

Mtenga_Rangi:
Nashangaa hakuna aliyegusa masalia yasiyozaliwa kabisa. Kusaga na kuyeyusha tena ndiyo njia ya mwisho. Kwa wiki mbili pima kila kitu kwa kila mashine: kilo zilizoingia, bidhaa nzuri, vijiti vya njia ya moldi (plastiki inayoganda kwenye mfereji wa kuingilia moldi), zilizokataliwa, na madongo ya kusafishia silinda. Mfano wa hesabu: zikiingia 1,000, zikatoka 880 nzuri, 60 vijiti, 35 mbovu, 15 madongo, basi 10 zimepotea kwa vumbi na sakafuni. Hizo 10 ndizo za kutafuta kwanza, kwa sababu hazirudi.

Panga rangi kuanzia nyeupe, njano, kijani, bluu, mwisho nyeusi, na uoshe silinda mara moja tu unaporudi nyeupe. Madongo yapokee juu ya bati yakiwa bado laini, yabonyeze yawe mikate isiyozidi sentimita 3, uandike aina na rangi kwa kalamu ya nta. Dongo likigandia kama kichwa, hakuna krasha ndogo italisaga, litatupwa.

Lebo ya ndoo ya PP nayo itengenezwe kwa PP. Mshikio uwe wa kubanduka bila kuvunja sikio, ili ndoo nzima isife kwa sababu ya waya wenye kutu.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Swali la mwisho: zile chengachenga za rangi zilizokwisha kuchanganyika kwenye stoo, tani mbili na ushee, PP na HDPE pamoja. Tuzitie nyeusi tumalizie kwenye ndoo za kudekia?

Fundi_Silinda:
Ndoo yenye mshikio, hapana, hata ya kudekia. Zitenganishe kwa bafu la spiriti kwa kipimo kidogo kwanza ujue uwiano. Ikiwa PP ni zaidi ya asilimia 90, tengeneza vyungu vya maua, ukuta usiwe chini ya milimita 3, bila sikio. Ikiwa ni nusu kwa nusu, muuzie anayetengeneza nguzo na mbao za plastiki, kwa sababu kule unene hubeba udhaifu wa mchanganyiko. Nyeusi itie tu kwa mzigo huo, na vyungu vya kukaa juani vipate kaboni nyeusi asilimia 2 halisi. Soma gunia la rangi: punje nyingi za rangi nyeusi zina kaboni asilimia 40 tu, kwa hiyo asilimia 2 inataka kilo 5 za punje kwa kila kilo 100. Wengi hutia kilo 2 wakidhani wamefika, na chungu kinaanza kupasuka kabla ya msimu wa pili wa jua.