Mjadala: Sera tamu, mgombea "hauziki". Mchujo wa Democrat wa 2020 ulituonyesha nini?

Mleta mada (Houston)

Wakuu, salaam. Ubishi huu umenichosha na jamaa zangu hapa Houston, nimeona niulete kwenu mnisaidie kuupasua. Hoja yangu: katika mchujo wa urais wa chama cha Democrat mwaka 2020 (sisi Wabongo tungesema kura za maoni), sera za uchumi za akina Bernie Sanders na Elizabeth Warren, maseneta wa mrengo wa kushoto, hazikushindwa. Watu walizipenda, halafu wakampa kura mwingine kwa kumhofia mpiga kura wa jimbo la mbali ambaye hawajawahi hata kusalimiana naye.

Nikumbushe mezani kulikuwa na nini. Sanders alitaka bima moja ya afya ya serikali kwa wote, bima binafsi zikae pembeni, na madeni yote ya wanafunzi yafutwe, kama dola trilioni 1.6. Warren alikuja na kodi ya utajiri, senti 2 kila mwaka kwa kila dola inayozidi milioni 50. Mikutanoni kwake watu walikuwa wanaimba "senti mbili, senti mbili". Andrew Yang alitaka kila mtu mzima apewe dola 1,000 kwa mwezi bila masharti, akachekwa. Joe Biden yeye aliahidi kuitia viraka bima ya Obama. (Viraka si tusi, nguo yenye viraka inavaliwa.)

Ikafika Jumanne Kuu, 3 Machi, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura za mchujo kwa pamoja. Waliohojiwa wakitoka vituoni hapa Texas, zaidi ya nusu walisema wanaunga mkono mpango wa serikali uchukue nafasi ya bima binafsi. Texas ikachukuliwa na Biden! Na takriban sita katika kila kumi walikuwa wanasema wanatafuta mtu wa kumwangusha Trump kwanza, mambo ya kukubaliana naye kwa sera baadaye.

Miaka hiyo nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Kulikuwa na mama mmoja Mmarekani mweusi, mkongwe wa zamu, sote tulimwita Mama. Bima anakatwa kila mshahara, lakini alipotibiwa goti akaambiwa dola elfu kadhaa za mwanzo ni juu yake, bima inaanza kulipa baada ya hapo. Bili ameikunja mara nne ameiweka nyuma ya kava la simu. Nikamuuliza, Mama, unampa nani? "Biden." Nikashangaa, si juzi tu ulikuwa unamsifia Sanders? Akaniambia, "Mwanangu, mimi namtaka Sanders. Lakini nina shemeji Pennsylvania. Yule hawezi kumpa kura msoshalisti."

Basi akaenda kupanga foleni kwa ajili ya shemeji. Na foleni za siku ile si za mchezo, maana pale Chuo Kikuu cha Texas Southern mtu wa mwisho alipiga kura imeshapita saa saba usiku.

Mnasemaje?

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, umeanza na hesabu ukamalizia na huruma. Shemeji wa Pennsylvania si jini, yupo. Novemba ile, kwenye uchaguzi mkuu dhidi ya Trump, Biden alipata kura 306 za wajumbe (rais kule huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, jumla 538), inaonekana mlima. Sasa chukua Georgia, Arizona na Wisconsin, jumlisha tofauti za kura: hazifiki 43,000 kwa majimbo yote matatu. Hizo zikienda upande wa pili ni sare, 269 kwa 269. Pennsylvania yenyewe aliishinda kwa kama kura 80,000. Hapo unataka kumsimamisha mtu anayejiita msoshalisti mchana kweupe? Yule mama alipiga hesabu vizuri kuliko wewe.

Halafu umemruka Warren kwa makusudi. Oktoba 2019 alikuwa anachuana na Biden kileleni. Wakambana: hiyo bima ya wote nani atailipia? Sanders alishajibu bila kumung'unya kwamba kodi itapanda, ila utaacha kulipa bima, kwa hiyo mfukoni utabaki na zaidi. Warren hakutaka kulitamka neno kodi. Tarehe 1 Novemba akatoa mpango wa dola trilioni 20.5 kwa miaka 10, akaapa tabaka la kati halitatoa hata senti, na mabilionea akawapandishia hadi senti 6. Kuanzia hapo kura za utafiti zikaporomoka. Wanaotaka bima ya wote wakamwona anayumba, wanaoiogopa wakaona matrilioni. Machi alishika nafasi ya tatu Massachusetts, jimbo lake mwenyewe. Shemeji anaingiaje hapo? Hiyo ni hesabu iliyokosa mwenyewe.

Binti Pangani (Minnesota)

Jamani na mimi nitie neno. Wote wawili mnaongea kana kwamba kila mpiga kura ana shemeji. Wapo waliopiga kura kwa ajili ya matumbo yao.

Iowa, 3 Februari. Usiku ule dunia nzima iliangalia programu ya kutuma matokeo ilivyozimia, mshindi hajulikani. Mimi nilibaki na kile kilichotokea mchana wake kwenye mji wa Ottumwa. Kule mchujo wa mwaka ule haukuwa wa sanduku, ulikuwa wa kusimama: unakwenda upande wa mgombea wako mbele za watu, na mgombea asiyefikisha asilimia 15 anaondolewa. Wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe wa zamu ya jioni walipangiwa kikao chao saa sita mchana, kwenye ukumbi wa chama chao cha wafanyakazi. Walikuwa 15, wengi wao Waethiopia. Kumi na wanne wakasimama kwa Sanders, mmoja kwa Warren. Huyo mmoja hakufikisha asilimia, hesabu yake ikafa.

Nevada ndiyo kali zaidi. Chama cha wapishi na wahudumu wa hoteli za Las Vegas kina bima nzuri sana waliyoipata kwa migomo na mapatano. Viongozi wakawaonya wanachama kwamba Sanders akipita bima hiyo inakwenda. Wanachama wakasikiliza, kisha wakaenda kumpa Sanders ushindi kwenye vituo vingi vya kwenye kasino zenyewe. Una bima nzuri lakini dada yako hana, utafanyaje?

Kisiki cha Mpingo

Binti, nakupa Nevada, chukua na sahani. Lakini wiki moja baadaye ilikuwa South Carolina. Mzee James Clyburn, mbunge mweusi wa jimbo hilo anayesikilizwa sana, alitamka Jumatano kwamba yuko na Biden, Jumamosi Biden akapata karibu nusu ya kura zote. Wagombea wenzake wawili wakampisha: Buttigieg akajitoa Jumapili, Klobuchar Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo wote wawili wakamuunga mkono huko Dallas. Jumanne Biden akabeba majimbo 10 kati ya 14, likiwemo hilo lako la Minnesota.

Mleta mada

Kisiki, kwa Warren umenipata, nakubali. Ila jibu hili la Yang. Alijitoa 11 Februari, pesa za bure zinaonekana utani. Tarehe 27 Machi Trump, ndiyo, Trump, akasaini sheria ya kumpa kila mtu mzima wa kipato cha kawaida dola 1,200 kwa sababu ya korona. Hundi za karatasi zikatoka zimechapwa jina lake! Pesa taslimu ya serikali kumbe inauzika. Tatizo lilikuwa nani anaibeba.

Na Florida je? Novemba ile ile wananchi walipigia kura kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa, kikapita kwa karibu asilimia 61. Siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, Florida ikachukuliwa na Trump.

Kisiki cha Mpingo

Hahaha! Hapo umejifunga goli mwenyewe. Biden alikuwa anaunga mkono hiyo dola 15, akashindwa Florida. Maana yake sera kupendwa hakumletei mgombea kura. Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

Binti Pangani (Minnesota)

Amejifunga nusu. Wewe unasema sera haiuzi mtu, yeye anasema mtu haharibu sera. Yote mawili yanakaa pamoja. Mimi naumia na yaliyofuata. Mlimchagua mwenye kuuzika, akaingia, na Machi 2021 ile dola 15 ikaanguka Senate kura 42 kwa 58, na wanane wa upande wake mwenyewe walikuwemo kwenye hizo 58. Ruzuku ya watoto, dola 3,000 mpaka 3,600 kwa mtoto, ilidumu mwaka mmoja ikazimwa Desemba 2021. Mpango wake wa kufuta sehemu ya madeni ya wanafunzi Mahakama ya Juu ikauzima Juni 2023. Bado mnabishania mtu wa kusimama juu?

Mleta mada, swali dogo. Huyo shemeji wa Pennsylvania hatimaye alimpa nani?

Mleta mada

Niliwahi kumuuliza Mama, tuko chumba cha mapumziko anachemsha chai. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kumbe shemeji mwenyewe hajawahi hata kujiandikisha.