USHAURI: Binti yangu wa miaka 9 anaamini ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Tiba ya CBT (tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na tabia) inamfaa mtoto?

mama_wawili:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri, kejeli tuweke pembeni.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda. Asubuhi ile alimpeleka binti yetu shule, akamshusha getini, akagongwa na lori akirudi. Tangu hapo mtoto hapandi pikipiki, anakojoa kitandani, akisikia honi anaziba masikio. Juzi kamwambia dada wa kazi kwamba baba alikufa kwa sababu yeye alichelewa kuvaa viatu.

Daktari ametuandikia twende kwa mwanasaikolojia, tiba ya CBT, mimi na mtoto wote. Wifi zangu wanasema huko ni kumtonesha kidonda, bora aende kwa bibi yake Tukuyu asahau. Kuna mwenye mtoto aliyepita huko? Wanafanya nini hasa? Na mimi naingiaje wakati anayeumwa ni mtoto?

Mzee wa Kijiweni:
Pole kwa msiba. Ila haya mambo ya kizungu tuwe nayo makini. Sisi tulifiwa, tukakaa matanga, maisha yakaendelea.

nesi_zamu_ya_usiku:
Kabla ya yote mpime mkojo. UTI nayo inamfanya mtoto akojoe kitandani.

Kibo_mpole:
Pole sana dada. Mimi si daktari, niliwahi kuwa mwezeshaji wa vikundi vya watoto waliofiwa huku Moshi. Tiba hii ya watoto wenye majeraha ya moyo imefanyiwa utafiti Moshi na Bungoma kule Kenya, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliopoteza mzazi mmoja au wote. Mzee wa Kijiweni, wawezeshaji walikuwa watu wa kawaida wa hapa hapa waliopewa mafunzo, na vikao viliendeshwa kwa lugha yetu.

Ilikuwa kikao kimoja cha kikundi kwa wiki, jumla 12, na vichache vya mtoto peke yake. Mwanzoni kifo hakiguswi. Mtoto anafundishwa kwamba hofu na ndoto mbaya huwapata wengi waliofiwa, anajifunza kupumua taratibu mwili utulie, anajifunza kutaja anachohisi. Kisha anaonyeshwa jinsi wazo linavyozaa hisia na hisia inavyozaa tabia. Hapo ndipo viatu vinapoingia. Mwanao hataambiwa "usiseme hivyo", maana akinyamazishwa wazo linabaki ndani. Ataulizwa: lori lilikuwa likiendeshwa na nani? Darasani kwenu wangapi huchelewa kuvaa viatu? Baba zao hurudi nyumbani? Atafika mwenyewe.

Simulizi ya siku yenyewe huja baadaye, kidogo kidogo, akiwa peke yake na mshauri. Wewe unaingia hapa: walezi wana vikao vyao, wanaandaliwa kuisikia simulizi hiyo bila kumkatiza wala kumkemea. Mtoto akikuona umesikia yote na bado umekaa naye, anajua nyumbani panaongeleka. Ukimpeleka Tukuyu sasa, atakuwa mbali na mzazi aliyebaki.

Takwimu_Hazidanganyi:
Maliza hadithi, Kibo. Baada ya mwaka, Bungoma waliopata tiba bado walikuwa mbele ya wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Moshi tofauti ilikuwa imefutika, maana hata waliopata huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu sawa nao.

Kibo_mpole:
Ni kweli, sibishi. Watoto wengi hupona wakiwa na mlezi mzuri na muda. Ila huyu mwaka umepita, bado anaziba masikio na anajibebesha lawama. Huyo mimi nisingemwacha asubiri.

mwana_kivu:
Jambo mama, pole. Miye ni wa Bukavu, Kongo. Huku kwetu kulifanywa tiba ya aina hiyo kwa wanawake walioathiriwa na ukatili wa kingono, matokeo yakatoka 2013. Wanawake walikaa kwa vikundi vijijini, wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi waliyashika kichwani. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, na kwa vijiji vilivyopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja asilimia 42. Nasema hivi sababu umeandika kuhusu mtoto tu. Wewe unalala?

mama_wawili:
Silali vizuri, dada. Asante kwa kuuliza. Nikifika huko nitajuaje kama ni tiba yenyewe, siyo mtu wa kunipa moyo tu halafu nalipia?

Kibo_mpole:
Uliza siku ya kwanza: vikao vitakuwa vingapi, mtoto atapewa mazoezi ya nyumbani, mimi naingia lini? Mtu wa CBT ana majibu ya hayo. Akianza kikao cha kwanza kwa kumbana mtoto asimulie ajali, ondokeni. Na hilo la kutolala litaje, usimwachie mtoto ugonjwa wote.

Mzee wa Kijiweni:
Hapo kwenye viatu mmenigusa. Maombi asiache lakini.

nesi_zamu_ya_usiku:
Hakuna aliyesema aache, mzee.

mama_wawili:
Mkojo nitapima kesho. La mwisho: watamlazimisha kupanda pikipiki? Shule ni mbali na daladala za huku ni za kubahatisha.

Kibo_mpole:
Halazimishwi. Wanapanga ngazi pamoja naye: aangalie boda akiwa mbali, asogelee iliyozimwa, aiguse, asikie injini, akae juu yake imesimama. Ngazi moja ikishazoeleka ndipo inayofuata. Ila kuna hofu isiyotakiwa kuondolewa: kupakiwa mishikaki, dereva anayekimbiza, kukaa bila helmeti. Hapo mtoto yuko sahihi. Mtafute dereva mmoja mnayemwamini, na helmeti ya saizi yake iwepo kabla hamjafika ngazi ya mwisho.