Mrejesho: TSH imeshuka bila kuongezewa dozi

Ndugu zangu, nilipouliza miezi miwili iliyopita, nilikuwa nikimeza mikrogramu 100 za levothairoksini (homoni ya thairoidi iliyotengenezwa kuwa dawa) kila asubuhi kwa sababu ya upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, ilhali TSH (homoni ya ubongo inayoichochea tezi hiyo, ambayo hupanda homoni ya tezi isipotosha) ilikuwa imepanda hadi 9.8 na uchovu haukuniacha. Nilitaka kujua kama niongeze dozi mwenyewe. Nawashukuru kwa dhati walionisihi nisifanye hivyo kabla ya kumwona daktari.

Daktari hakubadilisha dozi. Aliniuliza kwanza ninavyoimeza, na hapo ndipo ilipobainika kwamba nilikuwa nikiimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo hushikamana na dawa hiyo tumboni na kuizuia isifyonzwe ipasavyo. Kalsiamu nayo hufanya vivyo hivyo. Sasa naimeza kwa maji peke yake, saa nzima kabla ya kifungua kinywa, na vidonge vya chuma nimevihamishia jioni, kwa kuwa yapaswa kupita angalau saa 4 kati ya dawa hizo mbili.

Kusubiri ndiko kulikonisumbua zaidi. Levothairoksini hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa takriban siku 7, na TSH huchelewa kutulia, hivyo kupima kabla ya wiki 6 kungeweza kunipotosha. Nilipopima baada ya wiki 8, TSH ilikuwa 2.3. Uchovu umepungua sana, ingawa ngozi bado ni kavu. Kama ningekuwa nimeongeza dozi, huenda moyo ungeanza kwenda mbio baada ya kutenganisha dawa hizo, kwa kuwa homoni ingezidi mwilini.