Mdogo wangu ana VVU na homa ya ini B: je, ahamie kwenye sindano?

Swali
Habari zenu. Mdogo wangu anaishi na VVU kwa mwaka wa sita sasa, na tangu mwanzo aliambiwa kwamba ana homa ya ini B pia. Humeza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, na kipimo cha mwisho hakikuona VVU katika damu yake. Figo zimeanza kulegea kidogo, naye anataka sindano ya kila miezi miwili ili aachane na vidonge. VVU vikishafubazwa hivyo, ini nalo si liko salama?

Jibu la kwanza
Pole, dada. Usalama wa ini lake umo ndani ya kidonge hicho hicho, kwa sababu tenofoviri na lamivudini hupambana na virusi vyote viwili, ilhali dolutegraviri hushughulikia VVU pekee. Sindano anayoitaka ina kabotegraviri na rilpivirini, ambazo hazivigusi virusi vya homa ya ini B. Akihamia huko bila dawa nyingine ya ini, kipimo cha VVU kitaendelea kuwa kizuri huku virusi vya B, ambavyo hubaki vimejificha ndani ya chembe za ini, vikiamka na kulivimbisha, pengine hadi lishindwe kufanya kazi. Lamivudini nayo isibakizwe peke yake, kwani virusi vya B huizoea baada ya miaka michache. Kuhusu figo, amuulize daktari juu ya tenofoviri ya aina ya alafenamidi, ambayo haizielemei sana, au entekaviri ikiambatana na ARV zinazovidhibiti VVU kikamilifu.

Jibu la pili
Mimi ninavyo vyote viwili, na niliwahi kuacha dawa kwa kuwa nilijiona mzima. Mwezi wa tatu baada ya kuziacha, mkojo ulikuwa mweusi kama chai, na mke wangu ndiye aliyeona weupe wa macho yangu umegeuka manjano. Nililazwa. Tafadhali mwambie asiache hata kidonge kimoja kabla daktari hajaamua kitakacholilinda ini lake. Mwenye virusi vyote viwili hupata makovu ya ini upesi kuliko mwenye homa ya ini B pekee, na saratani inaweza kuanza hata pasipo makovu. Ndiyo maana mimi hupigwa picha ya utrasaundi kila miezi 6, na pombe niliiacha kabisa.

Muuliza swali
Asanteni sana. Alipopewa rufaa ya sindano hakuna aliyemuuliza habari za ini. Kesho nitakwenda naye na majibu yake ya zamani.

Jibu la kwanza
Vyema. Mke wa mdogo wako naye apimwe homa ya ini B. Akikutwa hana virusi hivyo wala kinga dhidi yake, apate chanjo.